TV ya boksi la viatu: jaribu, ila usiuze TV yako ya flati

Kuna video zinazozunguka kwenye simu zetu: kijana anatoboa boksi la viatu, anabandika lenzi, anaingiza simu ndani, na ukuta mzima unageuka sinema yenye rangi za kuwaka. Niseme mapema, ukuta unaong'aa namna ile umepachikwa na mtu wa kompyuta. Lakini boksi lenyewe si uongo. Nimelitengeneza hapa Mbeya na mpwa wangu wa kidato cha pili, na limeonyesha picha.

Lenzi tuliitoa kwenye kioo cha mkono cha kukuzia maandishi, tulichonunua Mwanjelwa kwa shilingi 4,000. Kabla ya kugusa boksi tulitoka nje, tukaielekeza kwenye mlima Loleza na kusogeza karatasi nyeupe nyuma yake mpaka mlima ukatulia juu ya karatasi, mdogo, na rangi zake zote, kichwa chini. Rula ikasoma sentimeta 15. Hiyo ndiyo fokasi ya lenzi, na ukiijua huna haja ya kubahatisha. Ukitaka picha kubwa mara 8, simu ikae karibu sentimeta 17 nyuma ya lenzi, na ukuta uwe mita 1 na sentimeta 35 mbele yake. Simu ya sentimeta 15 inatoa picha ya mita 1.2, upana karibu sawa na flati ya inchi 55. Kwa shilingi 4,000!

Hapo ndipo mtu anapotaka kuuza flati. Asubiri. Picha ikikua mara 8 kwa upana na mara 8 kwa kimo, mwanga uleule unatandazwa kwenye eneo kubwa mara 64. Na hautoki wote: skrini ya simu inamwaga mwanga kila upande, lenzi ya sentimeta 6 inakamata kama sehemu 3 tu kati ya 100, nyingine zinapotelea kwenye kuta za boksi. Ilibidi tuzime taa, tufunge pazia, tuzibe upenyo wa chini ya mlango kwa kanga, kisha tukae kimya macho yazoee giza. Katikati picha ilikuwa safi, pembeni ukungu. Mpwa akaziba lenzi kwa kadi yenye tundu dogo: pembeni pakatakata, picha nzima ikafifia.

Kisha kuna kioja ambacho video hazikisemi. Kwamba picha inatoka juu chini wengi wanajua, unaigeuza simu na kufunga skrini isizunguke. Lakini bado maandishi yanasomeka kinyumenyume kama kwenye kioo. Tuliweka mechi ya zamani ya Simba na Yanga: anayepiga kwa mguu wa kushoto anapiga kwa kulia, namba za jezi hazieleweki, na mabao ya huyu yamehamia upande wa yule. Mtu anaweza kupandwa presha bure. Dawa yake tuliipata kwa bahati: tundika shuka jeupe badala ya kutumia ukuta, watazamaji wakae upande wa pili wa shuka. Kila kitu kinarudi mahali pake, ingawa shuka nalo linakula mwanga.

Wazo lenyewe ni la kale. Miaka ya 1970 magazeti ya Marekani yalitangaza lenzi na michoro ya kugeuza televisheni ya kawaida kuwa sinema, na walionunua waligongana na giza hilihili. Viwanda vilivyotengeneza televisheni za kurusha picha namna hiyo vilitumia mirija mitatu maalumu ya picha yenye mwanga mkali, mmoja mwekundu, mmoja wa kijani, mmoja wa buluu. Kwa hiyo anayekwambia utoe TV chogo yako stoo na kuipindua kichwa chini usimsikilize. Ukiifungua, mle ndani kuna umeme wa maelfu ya volti, na unaweza kubaki hata baada ya kuchomoa waya.

Njia yenye hoja ni ya mafundi: kuchukua kioo cha flati ndogo iliyokufa taa za nyuma, kukivua karatasi zake za nyuma na kupitisha mwanga wa taa ya LED ya wati 100. Kioo cha namna hiyo kinapitisha kama asilimia 5 tu ya mwanga, lakini taa kama hiyo inaanza na maelfu ya lumeni, yaani vipimo vya mwanga, wakati simu nzima ya kawaida inatoa makumi machache tu. Umeme si tatizo, saa tatu ni theluthi ya uniti hivi. Joto ndilo tatizo: bila bamba la alumini na feni, kioo kinaungua. Na waya wa kioo, ule mwembamba kama utepe, ukikunjwa vibaya mara moja kazi imekwisha. Mimi nisingenunua vitu hivyo upya. Fundi mwenye mizoga ya flati mezani, sawa.

Mwenye kibanda umiza, kile cha kuonyeshea watu mpira, asijaribu kabisa. Mechi nyingine ni za alasiri, na mabati yetu yana matundu ya misumari. Kila tundu linadondosha kiduara cha jua juu ya picha. Atafute projekta iliyotumika, aiwashe mchana kabla ya kulipa.

Ukipata lenzi bapa ya plastiki, ile yenye mistari ya duara aliyoiasisi Mfaransa Augustin Fresnel kwa minara ya kuongozea meli miaka ya 1820, usiiache dirishani. Jua likipita pale linachoma pazia.

Boksi letu lipo juu ya kabati. Usiku wa Julai, baridi ikishatufungia ndani, watoto wa jirani wanakuja na mablanketi, wanakaa nyuma ya shuka, wanaangalia katuni, wala hawalalamikii ukungu wa pembeni. Juzi katikati ya katuni simu iliita. Jina la mtu anayenidai likatokea upana wa mita moja, na wale wanaojua kusoma wakalisoma kwa pamoja.