Swichi ya prosesa na mwongozo wake

Nilijenga programu ndogo ya kuhesabu mali ya stoo kwenye laptopu yangu hapa Tudor, Mombasa, nikaipeleka dukani kwa ami, Mwembe Tayari. Kwangu ilikwenda vizuri. Kompyuta ya ami, ya mwaka 2012, ikaikataa papo hapo: amri batili, basi. Jioni nzima nikatafuta kosa ndani ya msimbo wangu, kumbe ni swichi moja, yaani neno la kuielekeza kompaila, niliyoinakili bila kuisoma: -march=native. Hiyo huiruhusu kompaila ya GCC, programu inayogeuza msimbo kuwa amri za mashine, kutumia kila amri inayojulikana na prosesa ya mashine inayojengea. Yangu inazijua amri za AVX2, za kukokotoa namba nyingi kwa mpigo, zilizoingia kwenye prosesa za Intel mwaka 2013. Ya ami haizijui.

Mwongozo wa GCC unalionya jambo hilo kwa maneno machache tu ndani ya mabano: huenda matokeo yasifanye kazi kwenye mashine nyingine. Kuna mtu alikaa akayaandika, nami namshukuru.

Basi kiraka, yaani badiliko la msimbo wa GCC linaloletwa likaguliwe, kinacholeta swichi mpya ya prosesa, au kinachobadili maana ya swichi ya zamani, kipokewe kabla mwongozo haujaguswa? Wanaosema kipokewe wana hoja. Anayeijua prosesa si lazima awe mwandishi. Tena kilichoandikwa ni ahadi: watu wakishaitia swichi kwenye miradi yao, kuiondoa ni taabu. Ndiyo maana GCC ina alama ya swichi iliyoachwa makusudi bila maelezo. Kwa swichi za majaribio ya mafundi wenyewe, sina ubishi.

Lakini tazama -mcpu. Kwenye ARM, prosesa za simu nyingi na kompyuta ndogo, huchagua prosesa yenyewe, amri zake pamoja na namna ya kuupanga msimbo uende kasi; mwenye kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 4 huandika -mcpu=cortex-a72. Kwenye x86, prosesa za Intel na AMD za laptopu nyingi, jina hilohilo limeshapitwa na wakati, na kazi yake ni ile ya -mtune tu: linapanga kasi, haliongezi amri hata moja. Kijana aliyejifunzia kwenye Raspberry Pi akihamia laptopu atalijuaje hilo? Ule mstari mmoja wa msaada unaochapwa na --help=target hauwezi kuyabeba yote hayo. Panahitajika aya kamili.

Orodha za majina ya prosesa ni habari nyingine. Zinachakaa haraka, kwa kuwa anayeongeza jina kwenye msimbo husahau kuliongeza kwenye mwongozo. Hapo nawaunga mkono wasiotaka kuziandika kwa mkono. Zitolewe na mashine kutoka kwenye msimbo wenyewe. Maana ya swichi, hata hivyo, mashine haiijui. Anaijua aliyeiunda, na anaijua vizuri zaidi wiki ileile anapoiunda. Kiraka kikija bila aya hiyo, mkaguzi akirudishe, hata kama msimbo wake hauna dosari.