Paris 2024: Picha moja iliyomeza sherehe nzima

Kwenye sebule nyingi za Wakristo, kuanzia Moshi hadi Kisumu, utaikuta picha ya Karamu ya Mwisho: Yesu katikati, mitume wamejipanga upande mmoja wa meza ndefu. Kwa shemeji yangu imetundikwa juu ya televisheni. Hapo ndipo nilipokuwa nimekaa usiku wa Ijumaa, 26 Julai 2024, tukitazama ufunguzi wa Olimpiki ya Paris ulioanza saa mbili na nusu kwa saa zetu. Tukio lile lilipofika, mama mkwe alitazama kioo, akatazama ukutani, akasonya, akaenda kulala. Sikusema kitu. Na mkweo hubishani habari za sanaa.

Alichokiona kilikuwa hiki. Kwenye daraja dogo la Debilly, juu ya Mto Seine, watu walikuwa wamejipanga nyuma ya jukwaa refu mfano wa meza, kadhaa wao wanaume waliovaa na kujipodoa kike. Katikati yao alisimama DJ Barbara Butch, kichwani taji linalong'aa kama ile duara ya nuru wanayochorewa watakatifu. Baadaye likafunuliwa sinia kubwa, na ndani yake mwimbaji Philippe Katerine, amepakwa rangi ya buluu, karibu uchi, kazungukwa na matunda.

Thomas Jolly, mkurugenzi wa sanaa wa sherehe hiyo, alieleza kwamba hakuchukua wazo lake kwenye Karamu ya Mwisho. Yule wa buluu ni Dionysus, mungu wa mvinyo wa Wagiriki, na kusudio lilikuwa karamu ya kipagani ya miungu ya Olympus, mlima wa miungu hao wa Kigiriki. Wajuzi wa sanaa wakataja na mchoro wa karne ya 17 wa Jan van Bijlert, uliopo Dijon, unaoonyesha miungu hiyo ikila.

Naweza kumwamini Jolly. Ila mchoro wa Dijon haujatundikwa kwenye ukuta wa mtu yeyote ninayemfahamu, na ukikusudia kusema na dunia nzima kwa picha, lazima ujue dunia ina picha gani tayari kichwani. Maaskofu Katoliki wa Ufaransa walilalamika kwamba Ukristo umedhihakiwa, huku wakisifu sehemu nyingine za sherehe, jambo ambalo wengi waliowanukuu walilisahau. Al-Azhar ya Misri nayo ililaani, kwa kuwa kwa Waislamu Nabii Isa si wa kuchezewa. Vatican nayo ilisema imehuzunishwa, ingawa hiyo ilikuwa Agosti. Jumapili, siku mbili tu baada ya sherehe, msemaji wa waandaaji, Anne Descamps, aliomba radhi: hawakukusudia kudharau dini yoyote, na kama kuna waliokwazika, wanasikitika. Lile neno "kama" ndilo lililowaudhi watu upya. Kwetu, anayeomba radhi kwa "kama" hajakubali kosa.

Upande wa pili nao una hoja, na si dhaifu. Ufaransa imeitania dini tangu Mapinduzi, na haimtanii mgeni peke yake. Usiku uleule Marie Antoinette alionyeshwa ameshika kichwa chake mkononi, akiimba kwenye madirisha ya Conciergerie, jengo alimofungwa kabla ya kukatwa kichwa mwaka 1793, huku bendi ya Gojira ikipiga muziki mzito wa magitaa. Ni malkia wao, historia yao, damu yao. Kura ya maoni ya Harris Interactive ilionyesha kwamba asilimia 86 ya Wafaransa waliiona sherehe imefana. Kuwaambia kwamba wote hao hawana adabu ni kiburi cha namna nyingine. Na baadhi ya waliojiita watetezi wa dini walimtishia Jolly kumuua. Mei 2025 mahakama ya Paris iliwatia watu saba hatiani kwa kumwandama mtandaoni.

Kinachonisumbua zaidi ni kwamba wengi waliokasirika, na wengi waliowatetea wasanii, hawakuitazama sherehe. Walitumiwa picha moja kwenye simu. Ukigandisha mwendo wa tukio lile kwenye fremu moja, mwanamke katikati na watu kulia na kushoto, Dionysus hayupo. Imebaki meza tu. Jolly alikuwa anatetea onyesho la karibu saa nne, wapinzani wake wakihukumu sekunde moja. Ndiyo maana hawakusikilizana.

Waliobaki mbele ya televisheni waliona ugomvi mwingine, ambao mimi nauona mtamu zaidi. Mwimbaji Aya Nakamura, mzaliwa wa Bamako, Mali, alitoka kwenye jengo la Académie française, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1635 kulinda usafi wa Kifaransa, akacheza na bendi ya Walinzi wa Jamhuri waliovaa sare zao rasmi. Miezi michache kabla, wabaguzi walikuwa wametundika bango kumwambia kwamba Paris si soko la Bamako. Hoja ya wenye lugha ya staha ilikuwa kwamba nyimbo zake zimejaa maneno ya mtaani. Fikiria msanii wa Sheng akitumbuiza mlangoni mwa BAKITA, wazee wa kamusi wakipiga matarumbeta. Hapo waandaaji walijua hasa wanayemchokoza, na sababu yao.

Malalamiko yangu mimi ni mengine, na hayakupata kelele. Wanariadha wapatao 6,800 walipitishwa kilomita sita kwenye boti 85, mvua ikiwanyea. Timu kubwa zilipata boti zao, ndogo zilichangia. Uwanjani, hata nchi yenye wanamichezo wawili hutembea nyuma ya bendera yake na dunia ikaitazama. Kwenye Seine, Ferdinand Omanyala na Triza Atuka walishika bendera ya Kenya, nasi sebuleni tukabaki kuuliza, "Wamepita?" Kamera ilikuwa imeshahamia kwa wacheza dansi. Korea Kusini walionekana, lakini wakatangazwa kwa jina la Korea Kaskazini, na Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ikalazimika kuomba radhi, safari hii bila "kama".

Céline Dion alipoimba kutoka Mnara wa Eiffel, mama mkwe alikuwa usingizini saa nyingi. Asubuhi nilimwonyesha kipande hicho kwenye simu. Akasikiliza hadi mwisho, akaniuliza kama ndiyo sherehe ileile.

Los Angeles itafungua michezo yake 14 Julai 2028, kwenye viwanja viwili, hivyo timu zitarudi kutembea kwa miguu. Ila jioni ya kule ni alfajiri ya huku. Wengi wetu tutaamka tukute picha tayari imeshafika kwenye simu, pamoja na tusi lake na utetezi wake.