"Bila shaka" ya kijiweni si ya mahakamani

Kuanzia Oktoba, minada ya korosho inapofunguliwa huku Kusini mwa Tanzania, wachezesha kamari ya karata tatu huifahamu ratiba ya malipo kama wakulima wenyewe. Mjomba wangu wa Masasi aliliwa malipo ya magunia matatu kwa mchana mmoja, akarudi nyumbani na nauli tu. Kamari siipendi, na sitaifanyia uwakili hapa.

Polisi walipovamia kijiwe alicholiwa mjomba walikamata watu sita. Kesi ilipoisha wote waliachiwa, na mke wa mjomba alilia kwa hasira: "Bila shaka ni yule mwenye kofia! Nani asiyejua?" Nilikuwa upande wake. Imenichukua muda mrefu kuelewa kwamba tatizo lilikuwa katika maneno yake mawili ya kwanza.

Sisi tunasema "bila shaka" pale hasa tusipokuwa na uhakika. Bila shaka mvua itanyesha. Bila shaka amelala. Ni neno la kukisia. Mahakamani neno hilohilo hubeba mzigo mzito kuliko yote: upande wa mashtaka uthibitishe kosa bila kuacha shaka yenye mashiko. Tangu 2021 sheria inataka Kiswahili kiwe lugha ya mahakama zetu, kwa hiyo utata huu sasa ni wetu. Shahidi anayesema "bila shaka alikuwa anacheza" anakisia, na hakimu makini atamuuliza: ulimwona akifanya nini?

Na shaka yenyewe ina sura mbili. Polisi akimtilia mtu shaka, anamkamata, na hiyo ni kazi yake. Hakimu akibaki na shaka, anamwachia mtu huyohuyo. Shaka ya polisi, hata iwe kubwa namna gani, haigeuki kuwa ushahidi kwa sababu tu mtuhumiwa amefikishwa kizimbani. Katiba yetu, Ibara ya 13(6)(b), inakataza mshtakiwa kutendewa kama mkosaji kabla hatia yake haijathibitika.

Sasa rudi kijiweni. Askari alieleza kwamba alikuta watu wamezunguka kigoda, karata ziko juu na noti zimetawanyika. Nani alizigeuza karata? Nani aliweka dau? Nani alikuwa mpambe, na nani alisimama tu kutazama akisubiri basi? Hakuna aliyejibu. Noti zilikusanywa kwenye mfuko mmoja bila kuandikwa ya nani ni ipi. Karata zilipita mikononi mwa watu ambao hawakutajwa, hadi zikafika mahakamani. Yule mwenye kofia pengine ndiye kweli. Lakini kwa ushahidi ule ule angefungwa pia kijana aliyesimama pembeni na mkungu wake wa ndizi.

Wapo wanaosema sheria inawabeba wahalifu. Hapana. Haidai uhakika wa Mungu, wala haisikilizi shaka ya kubuni. Inadai kazi ifanyike. Kwa mashine za dubwi, zile za kamari zinazotumbukizwa sarafu, kazi ni nyepesi zaidi: Bodi ya Michezo ya Kubahatisha ndiyo inayotoa leseni chini ya Sheria ya Michezo ya Kubahatisha, Sura ya 41, kwa hiyo ofisa wake anaweza kueleza kama mashine ile ilisajiliwa na kwa jina la nani. Aliyekusanya sarafu na mwenye ufunguo wajulikane. Kumfunga muuza duka kwa sababu tu mashine iko barazani kwake, bila kuuliza ni ya nani, ni uvivu.

Kwa karata tatu, askari mmoja aliyevaa kiraia akatazama kwa nusu saa kabla ya msako angetosha kusema: huyu alichezesha, huyu alivuta wateja, huyu aliliwa. Mjomba naye aliitwa mara moja tu kuandika maelezo. Siku ya kesi hakuna aliyempigia simu, na alikuwa shambani Lulindi akipalilia, ilhali uso wa aliyemchezesha anaukumbuka hadi leo.