Kabla ya kutafuta warefu, tafuteni wapokeaji

Timu ya voliboli ya wasichana chipukizi ikiitwa kambini, mazungumzo huanza na sentimita. Nani ana 185? Yuko wapi yule wa 190 aliyeonekana kwenye michezo ya shule? Wanasimamishwa ukutani, wanapimwa, na msichana wa 168 mwenye mikono mitulivu anapewa nauli ya kurudi nyumbani. Kisha timu inapanda ndege, inakutana na sevu za kuelea, zile zisizozunguka na zinazoyumba hewani, na yule mrefu anamaliza seti bila kupiga smashi hata tatu za maana. Si kosa lake. Mpira haukufika kwa seta, anayewapangia washambuliaji.

Mashindano ya dunia ya wanawake chini ya miaka 21, ambayo hadi juzi yalikuwa ya chini ya miaka 20, yalichezwa mara ya kwanza Brazil mwaka 1977, na Korea Kusini ikaondoka na kombe. Mwaka 2019 kule Mexico, Japani iliifunga Italia seti 3-2 kwenye fainali, na mchezaji bora wa mashindano akawa Mayu Ishikawa, mshambuliaji wa pembeni wa sentimita 174. Urefu huo tunao wa kumwaga katika shule za sekondari za Kenya, Tanzania na Rwanda. Tusichokuwa nacho ni msichana wa urefu huo anayepokea sevu 30 mfululizo bila mpira kumtoroka.

Sipingi urefu. Jamhuri ya Dominika ilitwaa kombe hili mwaka 2015 ikiwa na Brayelin Martínez, mwenye mita 2.01. Lakini nchi hiyo hiyo, kupitia timu hizo hizo za vijana, ilimlea Brenda Castillo, libero (mchezaji wa ulinzi na mapokezi asiyeshambulia) wa sentimita 167, aliyekuja kuwa libero bora wa Olimpiki ya London 2012. Walitafuta wote wawili. Sisi tunatafuta mmoja.

Tuiangalie sevu yenyewe. Uwanja una mita 18 kwa 9. Mpigaji yuko nyuma ya mstari wa mwisho, mpokeaji yuko kama mita saba kutoka kwenye wavu upande wa pili. Mpira unaokwenda kilomita 60 kwa saa unakata umbali huo kwa takriban sekunde moja. Sevu ya kuelea hupigwa katikati ya mpira, kiganja kikiwa kigumu na mkono ukisimama mara tu baada ya kugusa, ili mpira usizunguke. Mpira usiozunguka hauna njia moja: hewa inauachia upande huu, kisha upande ule, nao unayumba au kudondoka ghafla mita mbili za mwisho. Anayesubiri auone unakoelekea ndipo asogee ameshachelewa.

Makosa ya mpokeaji ni yale yale. Miguu imenyooka. Mikono inarushwa juu kana kwamba mpira unahitaji nguvu, ilhali unakuja na nguvu zake na kinachotakiwa ni kuelekeza mikono tu. Viwiko vimekunjika. Na kubwa kuliko yote, ambalo makocha wengi wa shule bado wanalitetea: kukataa kupokea kwa vidole. Sheria inaruhusu mguso wa kwanza wa timu uguse vidole mara mbili mfululizo, mradi ni tendo moja na mpira haukushikwa. Sevu ya kuelea inayokuja usawa wa kifua au uso haina dawa nzuri kuliko vidole. Msichana aliyefundishwa mikono ya chini peke yake atarudi nyuma, atapinda mgongo, na mpira utamgonga begani. Wapigaji wa Kijapani na wa Kituruki wakishaliona hilo mara moja, wanamrudia huyo huyo hadi kocha amtoe.

Jambo la pili ni mpangilio. Shuleni tunapokea kwa wachezaji watano waliojipanga kama herufi W. Inaonekana salama, lakini kila penye watu wawili pana mwanya, na W ina mianya mingi. Zaidi ya hapo, mshambuliaji wa kati aliyejifunga na mapokezi anachelewa kuruka. Kwenye mashindano haya ya chini ya miaka 21 (U21) wanapokea watatu: libero na wawili wa pembeni, kila mmoja akilinda upana wa mita tatu. Mwanya unamalizwa kwa makubaliano ya kabla ya mechi, si kwa kupiga kelele mpira ukiwa hewani. Mfano, kati ya namba 5 na 6 (nafasi uwanjani: 5 nyuma kushoto, 6 nyuma katikati; 2 ni mbele kulia, 3 mbele katikati), wa kushoto anachukua mpira mfupi akikata mbele, wa kulia anachukua mrefu akipita nyuma yake. Wakikubaliana hivyo hawagongani, na hakuna anayesimama kumtazama mwenzake.

Kipimo cha kuchagua wapokeaji hakihitaji kompyuta. Weka wapigaji watatu wanaojua kuelea, wapige sevu 30 kwa mpokeaji mmoja, kumi kutoka kila kona ya mstari wa mwisho na kumi katikati. Mpira unaofika kwa seta kati ya namba 2 na 3, kama mita moja kutoka kwenye wavu, ni alama 3. Unaomruhusu seta kuchagua pande mbili ni 2. Unaobaki na njia moja tu ya kushambulia, au wa kurudisha tu ng'ambo, ni 1. Uliopotea ni 0. Jumla ya 60 ni wastani wa 2. Kwa maoni yangu, wa pembeni aliye chini ya 1.8 asiende mashindanoni kama mpokeaji, hata akiwa na mita mbili. Mfanye opozit, mshambuliaji wa upande wa kulia, awe huru na mapokezi.

Ila kipimo hicho kitadanganya kama vifaa vinadanganya. Mpira rasmi una gramu 260 hadi 280. Mpira wa shule uliojazwa hadi ukawa jiwe unadunda mikononi, na msichana anajifunza kuurudisha mikono nyuma kwa hofu. Jaza hadi kidole gumba kikibonyeza kiingie kidogo, au tumia kipima upepo: kilo 0.30 hadi 0.325 kwa sentimita ya mraba. Wavu wa wanawake ni mita 2.24 katikati, na pembeni usizidi hapo kwa zaidi ya sentimita 2. Wavu wa kamba uliolegea unaweza kuwa na 2.15 katikati bila mtu kujua, na wapigaji wakazoea sevu ya chini ambayo ukumbini itanasa. Fimbo yenye alama ya rangi kwenye 2.24 inatosha, ipitishwe kila asubuhi.

Kuna pia makosa ya bure ambayo wachezaji wadogo huyafanya sana. Libero akitumia vidole kupanga mpira akiwa ndani ya mstari wa mita tatu, mwenzake haruhusiwi kuupiga ukiwa juu ya usawa wa wavu. Wanaupiga, filimbi inalia, na wanabaki kumshangaa mwamuzi. Arudi nyuma ya mstari au atumie mikono ya chini.

Na umri. Kwenye U21 ya mwaka 2025 kule Surabaya, Indonesia, waliocheza ni waliozaliwa kuanzia Januari 1, 2005. Aliyezaliwa Desemba 2004 alikuwa bado na miaka 20, na alikuwa nje. Nafasi yake ilikuwa Mexico 2023, akiwa na 18 dhidi ya wenye 20. Kwa kuwa mashindano huja miaka isiyogawanyika kwa mbili, waliozaliwa miaka hiyo ndio wanaofika wakiwa wamekomaa. Shirikisho linalopanga mapema linaanza nao wakiwa kidato cha kwanza, na cheti cha kuzaliwa kinalinganishwa na kumbukumbu za shule kabla ya kuomba pasipoti, si wiki ya safari.

Surabaya zilikuwa timu 24, makundi manne ya sita, maana yake mechi tano kabla ya mtoano. Ushindi wa 3-0 au 3-1 ni pointi 3. Wa 3-2 ni pointi 2, na aliyefungwa anapata 1. Kwa ratiba kama hiyo, goti la libero mmoja likivimba siku ya tatu, mapokezi yote yanaporomoka. Kwa hiyo, kati ya nafasi 12, mgawanyo wangu ni seta wawili, washambuliaji wa pembeni wanne, wa kati watatu, opozit mmoja na libero wawili. Opozit akiumia, wa pembeni wa nne anahamia namba 2 na mambo yanaendelea. Libero wa pili ndiye huyo wa 168 tuliyempa nauli.