Jamani mzee Juma yu hai, sikumuua mie

Haya, kabla hamjaendelea kunitumia ile klipu yangu nimeshika maiki kwenye hafla ya ufadhili kule Wete, Pemba, nataka niseme mwenyewe, maana toka juzi simu yangu haipumui, hadi shangazi yangu wa Makunduchi kaipata na yeye hana hata WhatsApp, kaonyeshwa kwenye daladala. Anayeisambaza namjua. Shoga yangu wa ofisini, ule mkono unaotikisika kwa kicheko ni wako, tutaonana Jumatatu.

Sasa toleo lake linaanzia katikati, naonekana kama mtu niliyeingia ukumbini Wete nikachukua maiki nikamzika mzee wa watu bila sababu. Sababu ipo, tulieni.

Si mnajua jumuiya yetu inatoa ufadhili wa masomo. Zamani kila kitu kilikuwa kwenye mafaili ya boksi na Excel moja ambayo kila mfanyakazi ana yake. Na muhali juu yake, ile kuona haya kumkatalia mtu unayejuana naye, huyu mtoto wa dada wa fulani, huyu kapigiwa simu, huyu babaake jirani. Bodi wakachoka wakanunua sistimu ya Marekani ya kuendeshea mambo ya ufadhili, mwanafunzi anajaza mtandaoni, anapakia matokeo ya kidato cha sita, cheti cha kuzaliwa na barua ya sheha, sistimu inawachuja wasiotimiza sharti, halafu wasahihishaji wanasoma maombi yamefichwa majina. Hapo ndo wazee wa bodi walipoipenda. Mashine isiyo na muhali! Unasoma insha na matokeo unatoa alama, huoni jina, huoni shehia, na ile sehemu ya hali ya familia sistimu inajipigia hesabu yenyewe. Majina yanafunuka mwisho kabisa. Mie nilikuwa naisifu kila mahali, hata kwenye maharusi.

Lakini walioitengeneza wanatoka kwenye watu wasiorudia majina. Wanataka jina la kwanza na jina la ukoo basi wamemaliza. Kwetu huku jina la tatu ni la babu, na mjukuu anapewa jina la babu, kwa hiyo simama soko la Wete uite Khamis Juma Khamis uone shingo zitakavyogeuka. (Jina nimebadilisha, msianze kumtafuta mtu.)

Siku ya hafla tukapanda boti bandari ya Malindi hapa Unguja, mkondo wa Pemba ukatufanya ulivyotufanya, tukashuka bandari ya Mkoani rangi zimetutoka, gari mpaka Wete. Ukumbi umejaa. Masheha mstari wa mbele, maalim, wazazi, wafadhili wageni wawili, na projekta inaonyesha ukurasa wa kila mshindi, picha juu, maelezo chini. Mie ndo msema chochote.

Wa kwanza, wa pili, mambo mazuri. Akaja Khamis.

Nasoma kwenye skrini: hali ya familia, yatima, baba amefariki. Mie nikaona hapa ndo pa kuwagusa wafadhili. Nikashusha sauti. Nikasema, "Khamis alimpoteza baba yake, marehemu Juma, akiwa bado mdogo." Ukumbi ukasema inna lillahi. Bibi mmoja akashika ukaya akafuta macho. Mfadhili wa kike naye akatafsiriwa, akafuta yake. Sasa mtu mwenye akili angesonga mbele. Mie nikanyamaza kidogo, kile kimya nilichokifanyia mazoezi kwenye kioo, halafu nikasema, "Naomba kabla hatujaendelea tumsomee Fatiha marehemu mzee Juma."

Fatiha ikasomwa. Mikono juu ukumbi mzima. Kwenye klipu ukitazama vizuri mstari wa tatu kuna mzee wa kofia ya vito, shati jeupe, kanyanyua mikono anasoma kwa utulivu kuliko sote, akamaliza akajipaka usoni, amin.

Nikaita Khamis apande na mzazi aliyebaki. Kijana akainuka. Na yule mzee wa kofia akainuka.

Nikasema kwa maiki, "Mama yake hakufika?"

"Mama kabaki na ng'ombe. Nimekuja mie."

"Wewe nani yake, mzee wangu?"

"Babaake."

Nikaanza kujiokoa. "Yaani baba mdogo?"

"Baba mdogo wa nani? Baba mzazi."

Wallahi feni la juu nililisikia linavyozunguka. Nikauliza swali ambalo hadi leo sijui lilinitoka wapi: "Mzee, una hakika?"

Sheha wake akasimama pale mbele, hana maiki wala hakuihitaji: "Huyu hajafa! Wiki iliyopita nimemwandikia barua ya kuuza ng'ombe!" Na mzee Juma bado kasimama kwenye ngazi, kaninyooshea kidole taratibu, hana hasira hata chembe, anataka kuelewa tu: "Mwanangu. Kwani ile Fatiha ilikuwa yangu?"

Ukumbi ukapasuka. Maalim mwenyewe aliyeongoza dua kainama kashika tumbo. Mfadhili wa kike anauliza nini, nini, mkalimani hawezi kusema neno, na projekta nyuma yangu bado inaendelea kusema AMEFARIKI. Mie nikajificha nyuma ya mimbari ya plastiki isiyoficha hata kuku. Na hapohapo, kutoka mwisho wa ukumbi, kijana mwengine akasimama: "Samahani, yatima ni mie. Na mie naitwa Khamis Juma Khamis."

Kumbe wote wawili walijaziwa fomu na kijana mmoja wa steshenari. Wa kwanza akamfungulia imeli na akaunti. Alipokuja wa pili, jina likatokea lipo tayari, akaona ah, huyu kashajisajili kasahau paswedi, akamuingiza mulemule. Kwenye sistimu yetu imeli moja ni mtu mmoja. Maombi yakakaa mawili mbalimbali, insha na matokeo salama, lakini wasifu ni mmoja na wa mwisho kujaza ndo anafuta wa mwanzo. Na kwa vile majina yalifichwa, hakuna msahihishaji aliyeona chochote. Muhali ungekuwepo mtu mmoja tu angesema "huyu babaake namjua, juzi nimekunywa naye kahawa."

Bodi wakakaa, alama zikapigwa upya, Khamis wa mzee Juma kabaki mshindi bila alama za uyatima, na yule yatima kumbe alikuwa amefaulu ila sistimu ilimzuia kwa kuwa akaunti moja haipewi ufadhili mara mbili, kapewa wake. Sasa fomu inaulizia namba ya kitambulisho cha Mzanzibari mwanzo kabla ya jina. Yamekwisha.

Hayajesha. Jana mzee Juma kanipigia. Barazani kwao wameshamuita Marehemu, akipita wanampa pole. Anacheka, ananiuliza nishafika salama Unguja, watoto hawajambo, halafu: "Mwanangu, watu walioniwekea ubani, nani kaula?"

Nikamtumia pesa ya ubani kwa simu, ningefanyaje. Leo asubuhi kapiga tena, anauliza wa arubaini nitautuma lini.