Kupewa ORS na zinki si kunyimwa dawa

Lawama hii imezoeleka: mtoto anaharisha siku ya pili, tabibu wa zahanati anatoa pakiti mbili za ORS, ile chumvi na sukari ya kuchanganya na maji, na vidonge vya zinki, basi. Hakuna Flagyl, hakuna antibiotiki ya sipro, hakuna sindano. Mzazi anapitia duka la dawa kununua kile anachoamini amenyimwa. Wapo pia madaktari wanaosema kwamba kumwacha mtoto dhaifu apambane na bakteria kwa maji ya chumvi na sukari ni kucheza na maisha yake. Wote wana hoja. Ila tabibu wa pakiti mbili ndiye anayeeleweka vibaya kuliko wote.

Tuanze na Flagyl, maana ndiyo inayokimbiliwa. Dawa iliyomo ndani yake, metronidazoli, hufanya kazi kwa vimelea wanaoishi pasipo oksijeni: amiba, giadia na bakteria wasiovumilia hewa. E. koli, Shigela, Salmonela na bakteria wa kipindupindu, yaani wale wa kundi liitwalo gram-hasi, wenye utando wa nje wa ziada, wanaosumbua matumbo ya wengi, hawamo kwenye orodha hiyo. Mtoto anayeharisha kwa sababu ya E. koli akinyweshwa Flagyl, E. koli hata hashtuki. Wanaouawa ni majirani zake wasio na kosa. Tumbo likitulia siku ya tatu, kama ambavyo lingetulia lenyewe, sifa zote zinakwenda kwa Flagyl.

Hata dawa ikiwa sahihi, kuna jambo isiloliweza. Bakteria wa kipindupindu havunji ukuta wa utumbo wala haingii kwenye damu. Anajishikiza juu ya utumbo mwembamba na kumwaga sumu. Sumu ikishaingia kwenye seli, inailazimisha itoe kloridi bila kukoma, sodiamu na maji vinafuata, na mtu mzima anaweza kupoteza lita nzima kwa saa moja. Uwaue bakteria wote sasa hivi, sumu iliyokwisha kuingia bado itaendelea na kazi. Ndiyo maana kwenye kambi za kipindupindu utakuta kitanda kilichotobolewa katikati na ndoo yenye alama za lita chini yake. Muuguzi anasoma ndoo, kisha anamrudishia mgonjwa kiasi kile kile kilichotoka. Kinachoua hapo ni kukaukiwa maji.

Bahati nzuri sumu hiyo haigusi njia nyingine ya seli, ile inayopokea sodiamu na glukosi kwa pamoja. Chumvi kidogo na sukari kidogo zikifika pamoja zinaingia, na maji yanaingia nazo. Mwaka 1971, wakimbizi kutoka Bangladesh walipofurika Bangaon nchini India, dripu zilianza kumwishia daktari Dilip Mahalanabis. Akachanganya chumvi na sukari kwenye mapipa, akawaachia ndugu wa wagonjwa wanyweshe wenyewe. Vifo vilivyokuwa karibu asilimia 30 vilishuka chini ya asilimia 4. Haya ndiyo "maji tu" yanayodharauliwa.

Hoja ya pili ya tabibu huyu haionekani kwa macho, na kwangu ndiyo nzito zaidi. Utumbo una wakazi wake, bakteria wasiohesabika wanaomaliza chakula kilichopo na kutoa asidi zinazowabana wageni. Bohnhoff na Miller, watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago, walionyesha thamani ya wakazi hao tangu miaka ya 1950. Ili kuambukiza nusu ya panya wao walihitaji bakteria wa Salmonela kama 100,000. Kwa panya waliotangulizwa antibiotiki ya streptomisini, walitosha wasiofika 10. Ulinzi uliohitaji laki moja kuuvunja ukavunjwa na wachache wa kuhesabika kwa vidole! Utasema panya si mtoto. Sawa. Lakini mwaka 1985 maziwa yenye Salmonela sugu yaliuzwa Chicago na maeneo jirani, zaidi ya watu 16,000 wakathibitika kuugua, na uchunguzi ukaonyesha kwamba waliokuwa wametoka kutumia antibiotiki walikuwa kwenye hatari kubwa zaidi. Kabla ya hapo, tangu 1969, ilishaonekana kwamba mgonjwa wa Salmonela ya kawaida ya tumbo akipewa antibiotiki huendelea kutoa bakteria chooni kwa muda mrefu kuliko asiyepewa. Kapsuli za kujihami, basi, huenda zinamfungulia mlango mgeni wa wiki ijayo.

Mwili nao haulali. Utando wa nje wa bakteria wa gram-hasi umejaa lipopolisakaridi, na seli za kinga huitambua kwa kipokezi kiitwacho TLR4. Ugunduzi huo ulimpa Bruce Beutler mgawo wake wa Nobeli mwaka 2011. Homa inapanda, chembe nyeupe za damu zinamiminika utumboni, na kuharisha kwenyewe kunamsukuma mgeni nje. Kwenye jaribio lililochapishwa 1973, watu waliojitolea kuambukizwa Shigela kisha wakapewa Lomotil, dawa ya kufunga tumbo, walikaa na homa muda mrefu zaidi.

Hapa ndipo upande wa pili unapopata nguvu, kwa kuwa majibu ya mwili si heri tupu. Shigela 10 hadi 100 tu wanatosha kumwangusha mtu. Wanaingia ndani ya seli, na chembe nyeupe zinazowafuata zinabomoa ukuta zikipita. Damu na kamasi chooni vinatokana na uharibifu huo. Salmonela ni mjanja zaidi: kemikali za chembe nyeupe hugeuza misombo ya salfa utumboni kuwa tetrathionati, naye anaitumia kupumulia pale wenzake wanapokosa hewa. Kwa mtoto mwenye utapiamlo, malaria kali au VVU, anaweza kuingia hadi kwenye damu, pengine bila hata kuharisha. Huyo haambiwi asubiri. Kuhara damu kunatibiwa kwa antibiotiki, taifodi vile vile, na kwenye kipindupindu kikali dawa hupunguza choo kama nusu na kukatisha siku moja na nusu hivi ya ugonjwa.

Jaribio moja kubwa la nchi saba, Kenya na Tanzania zikiwamo, liliwapa antibiotiki ya azithromaisini au dawa bandia watoto zaidi ya 8,000 waliokuwa wakiharisha majimaji yasiyo na damu huku wamepungukiwa maji au wana utapiamlo. Tofauti ya vifo hadi siku ya 180 haikutosha kuthibitishwa. Walipochambuliwa peke yao wale ambao kuhara kwao kulielekea kusababishwa na bakteria, dawa ilionekana kuwasaidia. Kila upande ukaondoka na nusu yake. Mimi nasoma hivi: dawa inamfaa mtoto anayejulikana ana bakteria, na zahanati nyingi hazina kipimo cha kumjua. Kuwapa wote ni kuwapa nafuu wachache huku usugu ukibaki kwa kila mtu, wakiwamo hao hao wachache watakapoihitaji dawa tena.

Kasoro ya tabibu iko kwenye maelezo. Aulize kama choo kina damu. Abane ngozi ya tumbo aone inarudi upesi au polepole, ajue kama mtoto amepungukiwa maji. Aonyeshe kwamba pakiti moja ni ya lita moja ya maji safi, si ya kikombe, na kwamba zinki ni siku 10 hadi 14 hata mtoto akipona siku ya tatu, maana wengi huiacha hapo.