Kumbukumbu za Kikao Anaandika Nani?

Kisa cha Sarah Ntiro wa Uganda tunakisimulia kama habari za kale. Alitaka kusoma hisabati katika chuo cha Makerere, Kampala, mhadhiri akakataa kufundisha darasa lenye mwanamke. Akahamia historia, akaenda Oxford, na mwaka 1954 akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na Kati kupata shahada. Alipoanza kufundisha shule ya wasichana ya Gayaza alipangiwa mshahara mdogo kuliko wa wanaume. Akaukataa, akafundisha bure.

Siku hizi mwanamke hafukuzwi darasani. Kikao cha idara kikianza, macho yote humgeukia mhadhiri mwanamke: "Madam, tusaidie kuandika kumbukumbu." Kikiisha, ni yeye anayebaki na mwanafunzi aliyefiwa au aliyekosa karo, huku profesa mwanamume amejifungia ofisini akimalizia makala yake. Siku ya kupandishwa vyeo, kamati huhesabu machapisho na wanafunzi wa uzamivu uliowasimamia. Kumbukumbu hazimo, na machozi ya wanafunzi ndiyo kabisa.

Makerere imekuwepo tangu 1922 na bado haijapata makamu mkuu wa chuo (mtendaji wake mkuu) mwanamke. Chuo Kikuu cha Busitema, hapahapa Uganda, kilimpata Mary Okwakol mwaka 2007, kwa hiyo tusiambiwe wanawake wanaofaa hawapo.

Kinachoniudhi zaidi ni mishahara. Mwaka 2022 serikali iliwapandishia wanasayansi, walimu wa sanaa na lugha tukabaki nyuma. Mwaka huohuo baraza la mawaziri likaidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi. Sisi tunaokifundisha tukapigiwa makofi. (Makofi hayalipi kodi ya nyumba Kampala.) Wakubwa watasema walichagua fani, hawakubagua mtu. Haya, nenda uhandisi ukawahesabu wahadhiri wanawake, kisha uje kwetu.

Na rangi? Enzi za mkoloni, Mzungu na Mwafrika hawakulipwa sawa kwa kazi ileile. Leo fedha za utafiti nyingi hutoka Ulaya na Marekani zikiwa na kiongozi wake tayari. Mhadhiri wa hapa hutumwa Karamoja, kaskazini mashariki mwa nchi, na hojaji, na jina lake likibahatika hutokea katikati ya orodha ya waandishi. Akiwa mwanamke, kwanza ataulizwa watoto anamwachia nani.

Mimi ningeanza na fomu ya kupandishwa cheo: ushauri kwa wanafunzi na kazi za kamati zipewe alama. Kumbukumbu nazo ziandikwe kwa zamu, mkuu wa idara akianza.